Kodi kwenye hatifungani za serikali ya Kenya: mwongozo kwa familia inayowekeza

Mtu akitaka kununua hatifungani, au bondi kama wengi wanavyoiita, swali lake la kwanza huwa ni riba asilimia ngapi. Watu wachache huuliza zitakazobaki mkononi baada ya kodi ni ngapi. Wakiuliza, aghalabu hofu yao huwa kwenye kodi isiyowahusu: wanaogopa kodi ya faida ya mtaji, ilhali kodi inayowamega ni ile inayokatwa kwenye riba, kimyakimya, kabla pesa hazijaingia benki.

Mwongozo huu ni wa familia: mume na mke wanaojiwekea karo ya watoto, mstaafu aliyepokea kiinua mgongo, ndugu wanaochanga ili mama yao apate chochote kila nusu mwaka. Unahusu Kenya tu. Ukivuka Namanga sheria ni nyingine, kwa hiyo jamaa zetu wa Tanzania wasichukue viwango hivi na kuvitumia kwa hatifungani za Benki Kuu ya Tanzania.

Hatua ya kwanza: gawa pesa zako katika mafungu matatu

Hatifungani humletea mwenyewe pesa kwa njia tatu, na kila njia ina kodi yake.

Fungu la kwanza ni riba, inayolipwa kila nusu mwaka. La pili ni mtaji wako ukirudi, ama wote siku ya mwisho au kidogo kidogo kama zinavyofanya hatifungani nyingi za miundombinu. La tatu ni faida ya bei, pale unapouza kwa bei iliyo juu ya ile uliyonunulia.

Riba hukatwa kodi ya zuio, yaani ile inayokatwa kabla malipo hayajakufikia, isipokuwa kwa hatifungani zilizosamehewa. Mtaji ukirudi haukatwi kitu, kwa sababu ni pesa yako mwenyewe. Faida ya bei ndiyo ambayo kwa kawaida ingeingia kwenye kodi ya faida ya mtaji, lakini hatifungani zinazouzwa kupitia soko la hisa lenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji zimesamehewa kodi hiyo.

Mafungu haya yasichanganywe. Nimeona watu wakipokea malipo ya sehemu ya mtaji wa hatifungani ya miundombinu, wakaiita riba, wakaitumia yote, halafu wakashangaa malipo ya nusu mwaka uliofuata yamepungua. Hayakupungua kwa sababu ya kodi. Mtaji uliobaki kuzaa riba ndio ulikuwa mdogo.

Hatua ya pili: soma jina la hatifungani kabla ya kusoma riba

Jina lenyewe limebeba habari nusu. Chukua FXD1/2024/010. Herufi FXD zinasema ni hatifungani ya riba isiyobadilika. Tarakimu 1 inasema ni toleo la kwanza la aina hiyo mwaka ule, 2024 ni mwaka wa toleo, na 010 ni muda wake, miaka kumi. IFB1/2024/8.5 nayo ni hatifungani ya miundombinu iliyotolewa 2024 kwa miaka minane na nusu.

Kwa mtu binafsi mkazi wa Kenya, riba ya FXD yenye muda wa chini ya miaka kumi hukatwa asilimia 15. Ya miaka kumi na kuendelea hukatwa asilimia 10. Riba ya IFB haikatwi.

Jambo linalowapita wengi ni kwamba kiwango hicho hufuata muda ambao hatifungani ilitolewa nao, si miaka iliyobaki. Hatifungani ya miaka 15 iliyobakiza miaka saba haigeuki kuwa ya asilimia 15 kwa sababu umeinunua imezeeka. Benki Kuu inapoifungua upya hatifungani ya zamani, yaani kuiuza tena, jambo inalolifanya mara nyingi, unaweza kupata ya muda mfupi uliobaki huku kodi ni ileile ya asilimia 10. Kwa familia isiyotaka kufunga pesa miaka mingi, hiyo ni nafasi nzuri.

Usitegemee kumbukumbu yako wala ya shemeji. Kila toleo lina waraka wake kwenye tovuti ya Benki Kuu, kurasa chache tu, na ndani yake kuna mstari unaohusu kodi. Soma mstari huo kila mara. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipendekeza kuanza kukata kodi kwenye riba ya hatifungani za miundombinu. Mswada ule uliondolewa Juni mwaka huohuo baada ya maandamano, lakini wazo likishaingia bungeni mara moja, hulali ukaliacha. Waraka wa toleo lako ndio unaosema toleo hilo liko upande gani.

Hatua ya tatu: zilinganishe baada ya kodi

Tuseme una shilingi milioni moja na mbele yako kuna hatifungani tatu, zote za riba ya asilimia 13.

Ya FXD ya miaka mitano italeta 130,000 kwa mwaka, ikatwe 19,500, ubaki na 110,500. Kila nusu mwaka unapata 55,250. Ya FXD ya miaka kumi na tano itakatwa 13,000, ubaki na 117,000, yaani 58,500 kila nusu mwaka. Ya IFB itakupa 130,000 kamili, 65,000 kila nusu mwaka.

Mnadani, Benki Kuu inapouza hatifungani, riba hazilingani hivyo. IFB kwa kawaida hutoka na riba ya chini kidogo, maana wawekezaji wakubwa nao wanajua hesabu. Kwa hiyo igeuze. Riba ya IFB igawe kwa 0.90 upate riba ambayo FXD ya miaka kumi na zaidi ingebidi ilipe ili zilingane, na igawe kwa 0.85 kwa FXD ya muda mfupi. IFB ya asilimia 12 ni sawa na FXD ndefu ya asilimia 13.33, au FXD fupi ya 14.12. Ukiona FXD ya miaka mitano ya asilimia 13.5 inasifiwa kuliko IFB ya 12, jibu unalo tayari.

IFB1/2024/8.5, iliyouzwa Februari 2024, ilitoka na riba ya asilimia 18.4607. Mwenye milioni moja humo hupokea 184,607 kwa mwaka bila kukatwa. FXD ya muda mfupi ingelazimika kulipa karibu asilimia 21.72 ili imfikie. Ndiyo maana watu waliikimbilia vile.

Kuna kitu kingine kwenye hesabu ya riba ambacho familia yenye karo inapaswa kukijua. Nusu mwaka ya Benki Kuu ni siku 182, yaani wiki 26 kamili. Malipo huangukia siku ileile ya wiki, kwa kawaida Jumatatu, lakini kwa kuwa mara mbili 182 ni 364, tarehe husogea nyuma siku moja kila mwaka, au mbili mwaka mrefu. Hatifungani inayolipa katikati ya Januari leo, baada ya miaka kumi itakuwa inalipa mapema Januari. Kwa karo hilo ni jema. Kwa anayetegemea malipo ya wiki ya kwanza ya mwezi, yatakuja kuangukia mwezi wa nyuma, basi ajipange.

Hatua ya nne: elewa bei, kwa sababu ndiko kodi inakojificha

Nakuomba usome hapa polepole.

Hatifungani hunukuliwa kwa bei ya kila shilingi 100 za thamani iliyoandikwa. Bei ikiwa 92, hatifungani ya milioni moja unaipata kwa 920,000. Ikiwa 108, unalipa 1,080,000. Siku ya mwisho zote mbili zitalipa milioni moja ileile.

Kodi ya zuio hukatwa kwenye riba iliyoandikwa, bila kuangalia ulinunua kwa bei gani. Matokeo yake ni kwamba aliyenunua juu ya 100 anakatwa kodi hata kwenye sehemu ambayo kwa kweli ni mtaji wake unaorudi. Aliyenunua chini ya 100 anapata sehemu ya faida yake nje ya kodi.

Chukua FXD mbili za muda mfupi, zote zimebakiza miaka minne, zote thamani ya milioni moja.

Ya kwanza ina riba ya asilimia 16 na bei yake ni 108. Kila mwaka inaleta 160,000. Lakini ulilipa 80,000 zaidi ya utakachorudishiwa, na 80,000 hizo zikigawanywa kwa miaka minne ni 20,000 kwa mwaka zinazopotea. Pato lako la kweli kabla ya kodi ni 140,000 kwa mtaji wa 1,080,000, yaani asilimia 12.96. Kodi ya asilimia 15 inakatwa kwenye 160,000, ni 24,000. Unabaki na 116,000, sawa na asilimia 10.74.

Ya pili ina riba ya asilimia 10 na bei yake ni 92. Inaleta 100,000 kwa mwaka, na juu yake mtaji unakua 20,000 kila mwaka kuelekea milioni moja. Pato la kweli ni 120,000 kwa mtaji wa 920,000, asilimia 13.04. Kodi inakatwa kwenye 100,000 tu, ni 15,000. Unabaki na 105,000, sawa na asilimia 11.41.

Kabla ya kodi zilikuwa karibu sawa. Baada ya kodi ya pili imeishinda ya kwanza kwa zaidi ya nusu asilimia kwa mwaka. Mwenye ile ya kwanza amelipa kodi ya asilimia 17 ya pato lake la kweli, mwenye ya pili asilimia 12 na nusu, na sheria iliyowakata ni ileile moja. Nimetumia wastani wa kawaida wa kugawanya kwa miaka. Kikokotoo cha dalali kitatoa tarakimu tofauti kidogo, lakini mshindi atakuwa yuleyule.

Hasara ya ile 80,000 hairudishwi popote. Huwezi kuipeleka KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, ipunguzwe kwenye kodi ya riba, maana kodi ya zuio kwa mtu binafsi imeshafungwa pale ilipokatwa. Basi ukionyeshwa hatifungani yenye riba kubwa ya kuvutia, uliza bei kwanza.

IFB haina mtego huu wa kodi kwa sababu riba yake haikatwi. Ina mtego wake mwingine. Viwango viliposhuka tangu Agosti 2024, Benki Kuu ilipoanza kupunguza kiwango chake cha msingi kutoka asilimia 13, bei za IFB za riba kubwa zilipanda mbali juu ya 100. Anayezinunua kwa bei hiyo lazima atazame ratiba ya kurudisha mtaji. Kama sehemu ya mtaji inarudishwa mapema, inarudi kwa 100 na si kwa bei uliyonunulia, na nyongeza uliyolipa kwenye sehemu hiyo imekwenda kabla haijazaa riba ya kutosha.

Mnadani kuna jambo dogo la kuongeza. Ukinunua moja kwa moja kwa Benki Kuu kwa bei ya chini ya 100, punguzo lile huhesabiwa kama riba na hukatwa kodi ya zuio kwa kiwango cha hatifungani hiyo. Faida ya bei niliyoeleza hapo juu ni ya anayenunua kwa mwenzake kupitia soko.

Hatua ya tano: kodi ya faida ya mtaji, na kwa nini haikugusi sokoni

Kenya ilisimamisha kodi hii mwaka 1985 na kuirudisha tarehe 1 Januari 2015 kwa asilimia 5. Tangu 1 Januari 2023 ni asilimia 15. Mwaka mmoja baada ya kurudi, hisa na dhamana nyingine zinazouzwa sokoni zilitolewa kwenye kodi hiyo. Ardhi, nyumba za kupangisha na hisa za kampuni zisizo sokoni zilibaki ndani.

Kwa hiyo aliyenunua kwa 92 akauza kwa 101 kupitia Soko la Hisa la Nairobi amepata 90,000 kwa kila milioni, na KRA haimdai kitu kwa faida hiyo. Faida kama hiyo kwenye deni la kampuni lisiloorodheshwa ingemtoa 13,500.

Msamaha huu una mipaka miwili.

Mpaka wa kwanza ni soko. Kampuni binafsi ikikukopa na kukupa karatasi yenye ahadi ya riba nono, karatasi hiyo haipo sokoni, na ukiiuza kwa faida umeingia kwenye asilimia 15. Kodi hapo ndiyo hatari ndogo. Imperial Bank ilipowekwa chini ya usimamizi Oktoba 2015 na Chase Bank Aprili 2016, zote zilikuwa zimekusanya mabilioni ya shilingi kwa njia ya hatifungani, na hizo zilikuwa benki chini ya macho ya Benki Kuu. Karatasi ya kampuni isiyojulikana ipime mara tatu.

Mpaka wa pili ni biashara. Mtu anayenunua na kuuza hatifungani mfululizo, kazi yake ndiyo hiyo, anaweza kuhesabiwa kuwa mfanyabiashara, na faida yake ikawa mapato ya biashara yanayotozwa kwa viwango vya kawaida. Familia inayouza mara moja kwa miaka kadhaa kwa sababu ya chuo au hospitali haiko huko.

Kama shida ni ya muda mfupi, fikiria kuikopea hatifungani badala ya kuiuza. Benki nyingi huipokea kama dhamana, na kuweka mali dhamana ya mkopo hakuhesabiwi kuwa mauzo. Riba yako inaendelea kuingia. Ukilazimika kuuza, pita kwa dalali sokoni. Benki Kuu yenyewe hununua tu ikiwa njia zote zimefungwa, na hukukata kwa kuongeza asilimia 3 juu ya kiwango cha soko katika kupiga bei. Adhabu hiyo inauma kuliko kodi yoyote iliyotajwa hapa.

Hatua ya sita: jina la nani?

Kufungua akaunti siku hizi si kazi. Tangu 2023 Benki Kuu ina DhowCSD, programu ya simu na tovuti, na mtu hujisajili akiwa nyumbani kwa kitambulisho, namba yake ya KRA na akaunti ya benki. Kiwango cha chini ni shilingi 50,000 kwa FXD na 100,000 kwa IFB. Uamuzi mgumu ni jina.

Wengi hudhani kugawanya hatifungani kati ya mume, mke na watoto hupunguza kodi. Kwa Kenya haipunguzi. Kodi ya zuio ni kiwango kimoja kwa wote, mwenye mshahara wa elfu thelathini na mwenye wa milioni, na kwa mtu binafsi mkazi ikishakatwa kwenye riba ya Benki Kuu ndiyo ya mwisho. Haiongezwi kwenye mshahara wala haipandishi kiwango chako. Basi gawanyeni majina kwa sababu nyingine zilizo halali: kila mmoja awe na chake, mke asiachwe mikono mitupu, mzee asiwe na mzigo wa kusaini. Msigawanye kwa kutafuta nafuu ya kodi, haipo.

Palipo na tofauti kubwa ni kampuni. Familia kadhaa hufungua kampuni ya ndugu, wakiona ni utaratibu mzuri wa kushika mali pamoja. Kwa ardhi na majengo huenda ni sawa. Kwa FXD ni kujiumiza. Kodi ya zuio kwa kampuni si ya mwisho. Riba huingia kwenye hesabu ya faida na hutozwa asilimia 30, kilichokatwa mwanzo kikihesabiwa kama malipo ya awali. Riba ya 130,000 ambayo mtu binafsi angeilipia 13,000 au 19,500, kampuni itailipia 39,000 kama haina gharama za kutoa. Halafu ikigawa gawio kwa ndugu, asilimia 5 nyingine inakatwa. Chama kilichosajiliwa kama kampuni kiko palepale. Kama ni lazima pesa zikae ndani ya kampuni, angalieni IFB, ambayo riba yake imesamehewa kwa kampuni pia.

Hatua ya saba: ulipo nje ya Kenya

Kaka aliye Minneapolis au dada aliye Leicester anaruhusiwa kununua, na wengi wananunua. Ila msamaha wa Nairobi haumfungi mtoza kodi wa huko.

Marekani huwatoza raia wake na wenye ukaazi wa kudumu kwa mapato ya dunia nzima. Riba ya IFB ambayo Kenya haikuikata, kule ni mapato na lazima itangazwe, na faida ya bei pia. Uingereza nayo humtoza mkazi wake kwa mapato ya nje. Wakazi wa huko wamezoea kwamba hatifungani za serikali ya Uingereza hazina kodi ya faida ya mtaji, wakafikiri za Kenya ni vilevile. Sivyo, msamaha wao ni wa hatifungani za serikali yao, na wa zile za kampuni zilizo kwa pauni kwa masharti maalumu. Hatifungani ya shilingi haimo. Kodi iliyokatwa Kenya kwenye FXD kwa kawaida hupunguzwa kwenye deni la kodi la huko, na hapo ndipo IFB inaweza kupoteza utamu wake wote: kisichokatwa hapa kinakatwa kule.

Ghuba ni tofauti. Falme za Kiarabu hazimtozi mtu binafsi kodi ya mapato. Oman ilipitisha sheria yake mwaka 2025, itakayoanza Januari 2028 kwa asilimia 5, lakini ni kwa mapato yanayozidi rial 42,000 kwa mwaka, na ndugu zetu wengi walio Muscat hawafiki huko.

Kwa hiyo familia iliyotawanyika inayochanga pamoja ikae chini ikubaliane hatifungani iwe kwa jina la aliye Kenya au la aliye nje. Ikiwa kwa jina la mama aliye Mombasa ni mali ya mama kisheria, na aliyetuma pesa akubali kwamba ametoa zawadi. Wakiona ugumu kusema hivyo, waandikiane mapema.

Hatua ya nane: siku ya kununua, uliza maswali haya

Kwa dalali, kabla hujatuma pesa: bei safi, yaani bila riba iliyojengeka, ni ngapi, na riba iliyokwisha kujengeka tangu malipo ya mwisho ni ngapi? Ukinunua katikati ya nusu mwaka unamlipa muuzaji riba ya siku zake, na malipo yajayo yanakuja kwako yote. Uliza kama riba hiyo imehesabiwa kabla ya kodi au baada, kwa sababu Benki Kuu itamkata mwenye jina siku ya malipo, na huyo ni wewe. Ukimlipa muuzaji riba yake kabla ya kodi, umemlipia na kodi.

Uliza pia kodi ya hatifungani hii ni asilimia ngapi, ratiba ya kurudisha mtaji ikoje, na ada yake ni kiasi gani. Majibu yaje kwa maandishi. Dalali akikujibu asilimia pekee, mwombe shilingi: kwa milioni moja yangu, ni kiasi gani kitaingia benki siku ya kwanza ya malipo?

Hatua ya tisa: karatasi za kila mwaka

Marejesho ya kodi huwasilishwa kwenye iTax, tovuti ya KRA, kufikia 30 Juni kila mwaka. Riba ya Benki Kuu iliyokwisha kukatwa kodi ya mwisho haitozwi tena kwa mtu binafsi, wala IFB haitozwi. Lakini weka taarifa ya DhowCSD inayoonyesha kila malipo na kilichokatwa, pamoja na hati ya ununuzi na ya mauzo. KRA ikiona milioni kadhaa zimeingia benki kwako na kuuliza zimetoka wapi, karatasi hizo ndizo zitakazokujibia. Hati ya ununuzi ndiyo muhimu zaidi kuliko zote kwa sababu inathibitisha mtaji ulikuwa kiasi gani, na ikipotea, pesa zako mwenyewe zinaweza kuonekana kama mapato.

Hatua ya kumi: hatifungani ikimzidi mwenyewe umri

Hatifungani ya miaka 25 iliyonunuliwa na mzee wa miaka 65 itakwisha akiwa na tisini. Liongeleeni mapema, bila aibu.

Kenya haina kodi ya urithi. Msimamizi wa mirathi anapowahamishia warithi mali, kodi ya faida ya mtaji haitozwi, na hata kuhamishiana kati ya mume na mke kumesamehewa. Kwa hiyo kodi si kikwazo hapa. Kikwazo ni mahakama. Hatifungani haihami mpaka warithi wapate hati ya kusimamia mirathi, na uthibitisho wake kwa kawaida husubiri miezi sita. Waislamu huenda kwa kadhi wakagawane kwa mafungu ya sharia. Wakati huo riba inaendelea kulipwa kwenye akaunti ya marehemu ambayo huenda benki imeshaifunga.

Kwa hiyo andika kwenye karatasi moja: jina la kila hatifungani, thamani yake, tarehe ya mwisho, ratiba ya mtaji kurudi, benki inayopokea malipo, na namba ya akaunti ya DhowCSD. Nywila usiiandike hapo. Wape karatasi hiyo watu wawili mnaoaminiana, na kila Januari, malipo yakishaingia, iangalie tena uirekebishe.